Chururu

Mwaloni, mchanga ni tusi.
Mteja akiukuta kwenye dagaa, jino likalia kra,
hurudi na sufuria na maneno,
na mama yangu, Nyamizi, hurudisha pesa kimya.
Mimi mwanawe nalipwa mshahara kwa ajili ya mchanga.

Si huu wa ufukweni. Wangu ni mwekundu,
garneti iliyosagwa hata ukiivutia pumzi
inaondoka na pumzi yako.
Naipima kwa mikroni, naitia kwenye maji
yanayosukumwa kwa baa elfu nne
kupitia tundu la yakuti
ambamo sindano ya kushonea haipiti.

Banda letu liko Nyakato, nyuma ya kiwanda cha mafuta ya pamba.
Masunga aliandika ukutani kwa mkaa: USIWEKE KIDOLE,
akachora kidole,
kisha akakifuta.

Tunakata sahani za titani za kuungia vidole vya watoto:
urefu, punje mbili za mpunga; matundu, manne.
Moto ungekata upesi, lakini moto huacha alama,
chuma hukumbuka kwamba kiliungua.
Maji hayaachi kinyongo. Gusa ukingo dakika ileile,
ni baridi kama mtungi.

Miezi saba unga uligoma.
Hewa ya ziwa huingia hata dirisha likifungwa.
Unga ukanyonya unyevu, ukakwama kooni,
ukatoka mabonge, ukakatika, ukatoka,
na kila tundu likawa kama mkate ulioonjwa na panya.
Niliukausha kwenye oveni.
Niliutikisa kwa mota niliyoing'oa kwenye simu mbovu.
Niliugombeza.
Dokta Mugeta alirudisha sahani kumi na moja ndani ya bahasha,
juu yake kwa kalamu nyekundu:
Mfupa wa mtoto si mbao.

Jumapili nilimkuta mama anaosha dagaa.
Mchanga mbichi ulikuwa umemganda viganjani.
Hakuufuta. Aliuzamisha mkono wote kwenye beseni
nao mchanga ukaachia, ukashuka
chembe moja moja, kila moja na njia yake.
"Ukiufuta unakuchuna," alisema. "Uzamishe tu."

Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.
Niliikariri darasa la pili, nikapata vema;
sikujua kwamba ni maelekezo ya mashine.
Adui hakuwa maji. Adui alikuwa unyevu,
ule wa nusu nusu.

Basi nikauzamisha wote, nikaukoroga uji mwepesi,
nikausukuma ukiwa umekwisha kulowa.
Saa tisa usiku, umeme uliporudi,
ukatoka uzi mwembamba kuliko unywele wangu,
na sauti ya kitambaa kinachochanwa nyumba ya jirani.
Sekunde kumi na moja.
Chini ya darubini: duara.
Masunga akasema, "Zima, zima, usiiguse tena."

Nilitoka nje. Mawe ya mji huu yamebebana gizani,
mviringo kwa mviringo, na hakuna aliyeyachonga
ila mvua, ndo ndo ndo, tangu hapajaitwa Mwanza.
Chururu si ndo ndo ndo, wanasema.
Mimi naona ni ndugu wa tumbo moja,
mmoja ana haraka.

Haijaisha. Upande wa chini tundu limebana,
mikroni tisa; maji huchoka yakishuka.
Nitainamisha kichwa cha mashine digrii moja, au nusu.
Valvu nazo zinalika: uji unatafuna
njia inayoulisha.

Sahani ya kwanza nzima nilimpelekea mama.
Aliiweka juu ya ukucha wake, akaitafuta.
"Miaka yote ile ya shule," alisema, "ndiyo hii?"
Akaigeuzia mwanga wa mlango.
Kisha akaitia katikati ya meno,
akauma taratibu, amefumba macho,
akasikiliza.

"Haina mchanga," akasema.